Jiko la Adolphine na Nusu ya Kichuguu

Ni alasiri mtaani Katuba, mjini Élisabethville, Katanga. Mawingu yamejikusanya upande wa Karavia, na Adolphine Mwaba anakimbia huku na huku akiwa na mafungu ya majani makavu. Matofali ya mteja, aliyofyatua asubuhi kwa udongo wake wa mwisho, bado mabichi, yamelala uani, na tone kubwa la mvua latosha kuyatoboa. Anayafunika safu kwa safu, anayakandamiza majani kwa mawe, kisha anatazama juu.

"Leo iko na upepo," anasema kwa Kiswahili cha huku, ambacho 'ndio' hutamkwa 'njo'. "Mvula peke yake hainiogopeshe. Upepo njo inaleta mateso."

Élisabethville iko mbali na bahari, lakini Novemba ikiingia, kila mwenye nyumba ya bati hulala roho juu. Kwanza huja vumbi, halafu radi, halafu misumari inaanza kulia. Mwaka jana, 1955, paa la Adolphine liling'oka lote likaenda kuangukia barabara ya pili.

Mama huyu wa miaka arobaini na kitu amefyatua matofali tangu ahamie hapa na mumewe Musonda, ambaye ni seremala. Watu walimwambia hiyo ni kazi ya wanaume. Aliwaacha waseme, na leo wengi wao wanalala ndani ya matofali yake.

Udongo wote ulitoka kwenye vichuguu, maana hakuna udongo unaoshika kama ule uliokwisha kuchambuliwa na mchwa. Na vichuguu vya huku si vya kufika magotini. Ni vilima hasa, virefu kuliko nyumba, na miti imeota juu yake.

Hapo ndipo watu wa Katuba walipojikaanga kwa mafuta yao wenyewe. Kila aliyepewa kiwanja alianza kwa kukichimba kichuguu chake, na hakuna aliyewaza kwamba kilima hicho ndicho kilichokuwa kinauzuia upepo. Nyumba zilipanda, vilima vikashuka, na dhoruba ikapata njia.

"Miye pia nilichimbaka, na kujisifu juu," anasema Adolphine. "Nilimaliza nusu muzima. Ile siku paa iliruka, upepo ulipita kwa ile upande nilichimbaka; nilisimama mu nyumba, nikaona mbingu. Njo nikaelewa."

Kichuguu kilikuwa mpakani, na nusu iliyobaki imesimama katika kiwanja cha jirani yake, Clément Ntumba, mtu wa Kasai, karani katika duka la vitambaa. Naye ana haraka zake. Mkewe Hortense na watoto wanakuja kwa treni kabla ya Noeli, na yeye ana chumba kimoja tu. Anataka kuongeza cha pili. Kiwanja ni chake, udongo ni wake.

Mawingu yakiwa yameshatanda, Clément anatokea na sululu begani, bado amevaa tai ya kazini.

"Mama Mwaba, usinikasirikie. Batoto banakuja."

"Sikasirike, baba. Lakini ile kichuguu njo inatushikia manyumba. Yako pia."

"Sasa nitabalalisha wapi?"

Hapo hapo vumbi linafika. Tunakimbilia ndani kwa Adolphine sote: Adolphine, Clément na mwandishi wa habari hizi, ambaye alijidai haogopi. Mabati yanatetemeka, misumari inalia, lakini nusu ya kichuguu inaukinga upepo, na paa linabaki mahali pake. Kwa dirisha tunaona ng'ambo ya barabara, kwa Paulin, ambaye kichuguu chake kiliisha zamani. Bati moja linajikunja, linapaa, na Paulin analifuata kwenye mvua kama anayefukuza mbuzi. Ingekuwa kichekesho, kama watoto wake wasingekuwa wanalia ndani.

Clément anatazama paa lililo juu yetu.

"Nimeona," anasema mvua inapopungua. "Lakini batoto yangu?"

Adolphine anamchukua nyuma ya nyumba. Huko, chini ya turubai, kuna matofali yaliyochomwa tayari, mekundu, yamepangwa vizuri. Ni ya jiko lake. Tangu wahamie anapikia nje, na kila alipochoma tanuri, wateja waliyabeba yote. Haya ndiyo ya kwanza aliyojiwekea.

"Beba," anasema.

"Hii ni ya jiko yako, mama. Siwezi kukamata bure."

"Haiko bure. Kichuguu ibakie."

Clément anavua tai, anaitia mfukoni. Musonda anarudi kutoka kazini na kulikuta fungu la mkewe linavuka ua, tofali kwa tofali. Mtu huyu alimwahidi mkewe jiko hilo siku walipooana. Anavua koti na kusaidia kubeba.

Kiangazi kikifika, Adolphine atafuata udongo bondeni, mtoni, aubebe kwa baiskeli. Haushiki kama ule wa kichuguu, naye anajua kwamba matofali mengi yatapasuka kabla hajapata ya kutosha.

Jioni manyunyu yanarudi. Adolphine anakoroga bukari, ugali wa huku, uani, Musonda amemshikia kipande cha bati juu ya kichwa.

"Roho inauma kidogo, sitakudanganya," anasema, bila kuacha kukoroga. "Nilikuwa nimesha kuona fasi ya kutundika masufuria. Lakini ule mama akishuka mu treni na batoto, akute nyumba yenye kuwa na paa."

Anaonja, anaongeza unga.

"Jiko ni mwaka kesho."

Musonda anausogeza mkono wake, bati limfunike mkewe vizuri zaidi.