Tairi la Tano

Mama Breki hakuwahi kumkabidhi mtu ufunguo wa gari lake, na laiti angebaki hivyo hivyo! Ujana wake wote aliendesha gari la mkate, wanaume wakamcheka mpaka wakachoka wenyewe, na lile gari kuukuu la kijani alilinunua kwa jasho lake. Kila asubuhi alilizunguka, akayapiga matairi teke moja moja, kisha akafungua buti na kulibonyeza la spea. "Gari lina matairi matano," alikuwa akisema. "Anayehesabu manne atalala njiani."

Basi akaugua, akalala kitandani. Ufunguo akauchukua mtoto wa kaka yake, yule waliyemwita Mng'aro kwa sababu hata kijiko alinunua kwa kumeremeta kwake. Kijana gani huyo, jamani! Mtu mzima, mke ana mimba kubwa, naye kashughulika na ringi! Alipata ringi nne kubwa zinazong'aa, kila moja ina matundu matano ya bolti. Gari la shangazi lilikuwa la bolti nne. Mwenye akili angeziacha. Yeye akalipeleka kwa fundi, habu zote, vile vitovu vinavyoshika magurudumu, zikang'olewa, zikawekwa za bolti tano.

"Umeona, Shangazi? Limekuwa jipya!"

"Nani kakutuma?"

"Nilitaka upone ufurahi."

Mama Breki alimeza hasira kwa kuwa kijana alikuwa na nia njema. Nia njema! Asubuhi iliyofuata, nafuu imeshampata, alilizunguka gari kama kawaida, akalibonyeza la spea, likawa gumu, limejaa upepo. Matundu yake nani angefikiria kuyahesabu?

Mchana huo mke wa Mng'aro akashikwa na uchungu, na mumewe yuko kazini. Mama Breki akamweka kiti cha nyuma, akaondoka naye. Katikati ya njia, tairi la mbele likapasuka. Hakutetereka. Akapiga jeki, akalivua, akalibeba la spea na kulipachika. Halikuingia. Aligeuza hivi, akageuza vile. Bolti tano zimechomoza, na tairi lina matundu manne.

"Shangazi, anakuja!" alilia mama kijacho.

Mama Breki alikaa chini kwenye vumbi akatukana, na aliyemtukana hakuwa shetani. Bahati lori likasimama, likawapakia. Mtoto alizaliwa humo ndani, mbele ya geti la hospitali, mama yake hata kitanda hajakiona.

Mng'aro alikuja mbio, meno yote nje. "Shangazi, nimbebe mwanangu!"

"Mbebe leo. Garini mwangu hapandi mpaka la spea liingie kila pembe."

Mng'aro alitafuta ringi ya tano inayofanana na zile, akakosa, maana ziliuzwa nne nne. Ikabidi arudi kwa fundi kuziomba habu na ringi za zamani, na fundi akamcheka hadi machozi.

Siku ya kuwatoa hospitali, gari lilikuwa limerudia bolti zake nne na sura yake ya uzee. Mng'aro, shati jeupe limenyooka, akafungua mlango. "Twendeni, mtoto anapigwa jua."

"Fungua buti," alisema Mama Breki.

"Shangazi, nimeshalijaribu nyumbani!"

"Mimi nikiwa wapi?"

Watu wanatazama, Mng'aro akapiga jeki. Akavua, akafunga la spea, akakaza nati, akalivua, akarudisha la mwanzo. Mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia. Shati likawa halijulikani rangi. Akajifuta jasho, akamwangalia shangazi yake kwa macho ya kuomba.

"Inatosha sasa, si ndiyo? Limeingia pembe tatu, ya nne litashindwaje?"

Mama Breki, roho ya nyama, alikuwa karibu kulegea. Ndipo mke wa Mng'aro, ambaye tangu siku ile hakuwa amesema neno juu ya gari, akamhamisha mtoto bega akasogea kivulini.

"Bado nyuma kushoto, baba," alisema. "Sisi tunasubiri."