Mfungaji wa Vifurushi Niliyemwonea Wivu

Habari ya kifo chake niliipata kwa simu, Jumanne asubuhi, kutoka kwa mtu niliyefanya naye kazi zamani. "Bosi, ule muzee wa makartoni, wa pale mbele ya biro yetu ya zamani, ametuacha. Watamuzika leo saa kumi." Wasomaji wangu wa kila wiki wanisamehe nikisema ukweli: kilichonijia kwanza hakikuwa huzuni. Nilijiuliza ni watu wangapi watakaokwenda kumzika, nikajua watakuwa wengi, na moyo ukanichoma vilevile kama ulivyokuwa ukinichoma miaka ile.

Kabla sijaanza kuandika gazetini, kwa miaka minane nilisimamia ofisi ndogo ya kusafirisha vifurushi hapa Rohero, katikati ya jiji. Nilikuwa na meza, mizani, muhuri, na utepe wa gundi wenye jina la ofisi. Yeye alikuwa na mkeka kando ya lango letu, rundo la makatoni yaliyokwisha kutumika, magunia, makapi ya mpunga kutoka mashine za kukoboa, na vipande vya mpira wa tairi vya kufungia. Watu walimpa kidogo awafungie mizigo yao, kisha wakaingia kwangu kuituma. Wengine hawakuingia kabisa, maana alijua ni lori gani lililoshusha viazi kutoka Kayanza na linarudi bila mzigo, na dereva wake angekubali kubeba kitanda au cherehani kwa bei ambayo ofisi yangu isingeiweza.

Nakumbuka mama mmoja wa familia ya wafanyabiashara Waarabu aliyeleta kioo kirefu cha kabati, zawadi ya arusi ya binti yake huko Rumonge. Nilimwambia tutakilaza juu ya magodoro. Alinishukuru, akatoka, akamuuliza mzee. "Apana, mama," nilimsikia akisema. "Kioo hakilale. Kioo kinasimama. Nani anakingojea kule?" Mama akamweleza habari za binti, za nyumba mpya, hata za mkwe asiyependa kelele. Mzee alisikiliza huku akikibana kioo kati ya mbao mbili zilizovikwa blanketi, akakifunga wima, kisha akakwenda mwenyewe kumwonyesha dereva mahali pa kukisimamisha. Wiki iliyofuata mama yule alirudi na sahani ya halua. Alipita mlangoni kwangu bila kugeuza shingo, akampelekea mzee mkekani. Nilikaa na mizani yangu, nikamchukia mzee kwa halua.

Wivu ule ndio ulionifikisha kwenye kosa ambalo sijawahi kuliandika. Muuguzi wa zahanati moja ya milimani alikuja na hadubini, kile chombo cha kutazamia damu, waliyoisubiri muda mrefu ili waweze kupima malaria kwao wenyewe. Nilimwona akielekea mkekani, nikatoka mbio nikamshika mkono. Nikamwambia kitu cha thamani namna ile hakifungwi barabarani. Niliifunga mimi, katika katoni mpya, kwa utepe mwingi, nikagonga muhuri wa "Fragile", yaani kitu cha kuvunjika, pande zote sita. Ilikuwa nadhifu kweli. Nilimtazama mzee nikitaka aione.

Ilifika na bomba limepinda na lenzi imepasuka. Majuma mengi zahanati ile iliendelea kuwatuma wagonjwa kwa miguu hadi hospitali ya mbali, na miongoni mwao alikuwamo mama mjamzito mwenye homa kali. Alipona, na mtoto alizaliwa salama. Lakini muuguzi alipokuja kunieleza jinsi walivyomwegemeza mabegani kwenye ule mlima, nilimwambia kosa si langu. Nililaumu barabara.

Muuguzi alipoondoka, mzee aliingia ofisini, mara ya kwanza katika miaka yote ile, akaketi bila kukaribishwa. "Si barabara, bosi," alisema polepole. "Ile kitu ilikuwa na fasi ya kucheza ndani. Kuya, nikuonyeshe." Nilimfuata mkekani. Alinionyesha namna ya kutoa lenzi zisafiri peke yake mkononi mwa mtu. Namna ya kuweka katoni ndani ya katoni, na makapi ya mpunga katikati. Namna ya kulitikisa boksi karibu na sikio, na ukisikia chochote, unafungua na kuanza upya. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Siku ya pili aliniita tena, nikajifanya nina kazi nyingi.

Jumanne ile nilikwenda Buyenzi, mtaa aliokuwa akiishi. Barabara ya kwao ilikuwa imejaa madereva wa malori, wenye maduka, wauguzi, wanawake wanaovuka mpaka wa Gatumba na vyombo vya udongo. Baada ya maziko nilimpa pole mjane wake. Akaniuliza, "We ulikuwa kliya wake, muteja?" Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa na ofisi pale, niliyevunja hadubini. Alinitazama bila kuelewa. "Alikuwa anatuambia yote ya kazi, lakini iyo hakuisema." Kumbe aliificha aibu yangu hata nyumbani kwake. Nilitoka pale nikimwonea wivu kwa hilo pia.

Siku hizi kuna ofisi zinazokutumia ujumbe kwenye simu kukuambia kifurushi chako kimefika wapi. Ni jambo jema. Lakini Jumatano nilipopita pale langoni nilimkuta mwanamke amesimama na kichwa cha cherehani miguuni, anampelekea mdogo wake aliyeanza ushonaji Bururi. "Muzee iko wapi?" aliniuliza. Nilipomwambia, alijishika kifua, akasema, "Sasa nani atanifungia?" Nikavua koti. Nilitafuta makatoni mawili, nikaomba magunia dukani, nikapiga magoti kando ya barabara niliyokuwa nikiidharau. Nilifunga, nikatikisa, nikasikia chuma kikigonga. Nikafungua, nikaanza upya. Mara ya tatu kilinyamaza, lakini sikujua kamba ipite wapi ili mbebaji asikiinue kwa upande mwepesi, na hapakuwa na wa kumuuliza. Mpaka ninapoandika sijui kama kilifika kizima.

Kwa hiyo ninawaambia hili tu, hasa ninyi mlio na jirani anayewashinda kazi: mkubali anapowaita mara ya pili. Mimi nilimtazama mtu yule miaka minane, nikahesabu wateja wake, zawadi zake, salamu zake. Mikono yake niliitazama siku moja.