Siku Ng'ombe wa Bibi Kengele Alipofungishwa

Siku mpima maziwa alipomwona Bibi Kengele kwa mara ya kwanza, alianza kwa kuviona viatu vyake. Alikuwa mtu wa haya, na wateja wengi wa kituo cha maziwa aliwajua kwa viatu. Alikuwa na wiki moja tu kazini. Alikaa nyuma ya meza ya bati, mbele yake kopo refu na kile kipimo cha kioo kinachoelea kwenye maziwa na kuonyesha kama ni mazito au mepesi. Dumu la maziwa mazito aliliweka kulia. La maziwa mepesi alilisukuma kushoto bila neno, mwenyewe aende akajijue.

Vikaja viatu viwili vya mpira, kimoja cheusi, kimoja kijani. Mpimaji akapima, akaona kipimo kimezama kupita kiasi, akalisukuma dumu kushoto.

"Mwanangu," sauti ikasema, na foleni nzima ikakaa kimya isikilize, "huko kushoto ndiko peponi au ndiko motoni?"

Mpimaji akakikazia macho kiatu cha kijani. "Maji," akasema.

"Maji nini? Una kiu?"

Foleni ikaangua kicheko. Mpimaji akatamani kuingia ndani ya kopo lake.

"Anasema nimetia maji!" mama yule akawatangazia, kana kwamba kuna mtu hajasikia. "Haya. Kesho alfajiri uje usimame nyuma ya ng'ombe wangu. Ukiona bomba, unifunge."

Akaenda kweli, maana kukataa kungehitaji maneno mengi kuliko kwenda. Alisimama bandani huku mama akikamua na kupiga soga na ng'ombe. Maziwa yalitoka kwenye chuchu moja kwa moja hadi kwenye ndoo, tone la maji halikuingia. Mpimaji akapima palepale. Mepesi, yaleyale ya jana. Akachungulia horini akaona mabua makavu ya mahindi, magumu kama fito za kujengea, na hakuna kingine. Hapo akaelewa. Maziwa hayakuwa na maji, yalikuwa na njaa.

"Sema basi!" mama akamhimiza. "Mwizi ni nani?"

Mpimaji akafungua mdomo, akaufunga, akamgeukia ng'ombe. "Samahani," akamwambia.

Mama alicheka hadi akakaa juu ya ndoo. Kuanzia siku hiyo akamwita Bwana Samahani, na kituo kizima kikafuata. Ng'ombe mwenyewe aliitwa Shangazi, kwa sababu alimtazama kila mgeni kama anayeuliza umeniletea nini. Bibi Kengele naye hakuhitaji kueleza jina lake. Sauti yake ilifika kituoni, yeye akafuata.

Kesho yake Bwana Samahani aliacha mlangoni kwake mzigo wa majani mabichi na kifuko cha pumba, akaondoka haraka kama aliyeiba. Keshokutwa yake alileta panga akamwonyesha namna ya kukatakata mabua na kuyachanganya na majani ya mikunde. Baada ya mwezi dumu lake likahamia kulia. Bibi Kengele naye alimtafutia kiwanja nyuma ya ua wake wa michongoma, mpimaji akajenga, akaoa, akanunua ng'ombe mmoja. Wakawa majirani wa kusikilizana, yaani mmoja alisema na mwingine alisikia.

Jikoni kwa Bibi Kengele kulikuwa na mafiga matatu, dirisha dogo kama bahasha, na moshi wa miaka thelathini. Kuta zilikuwa nyeusi zikang'aa. Macho yake yalikuwa mekundu na yakitoa machozi wakati wote, hata akisimulia vichekesho. Zahanati walimwambia wazi: ama moshi uondoke, ama macho.

Ndipo ushirika wa wafugaji wa kituo ukaitisha mkutano. Daktari wa mifugo, binti mwembamba mwenye subira nyingi, alisimama akaeleza kwamba ng'ombe anapobeua hutoa gesi inayoongeza joto la dunia.

"Ngoja, Daktari," Bibi Kengele akadakia. "Jua hili lililotuchoma mwezi mzima ni la Shangazi?"

"Mchango wake upo, mama."

"Na wanaume wanaobeua wakishashiba, wao wameshapimwa?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Daktari alijaribu kuendelea. Alisema hakuna anayewaambia waache kufuga, watoto wanahitaji maziwa. Ila ng'ombe anayekula vibaya hubeua bure, na anayekula vizuri hubeua kwa faida. Watapima mabanda yote ishirini na mawili, waangalie gesi ngapi inatoka kwa kila lita ya maziwa. Mabanda kumi yatakayotoa kidogo zaidi yatajengewa mtambo wa gesi ya samadi, wapikie bila kuni wala moshi.

Maneno "kwa kila lita" Bwana Samahani aliyasikia vizuri. Bibi Kengele hakuyasikia, kwa sababu wakati huo alikuwa akimuigiza mwenyekiti anavyobeua. Alichobaki nacho kichwani ni kitu kimoja: anayetoa gesi kidogo anapata mtambo.

Ilipofika zamu yake ya kupimwa, ya mwisho kabisa, asubuhi na mapema, alimwita jirani yake kwenye tundu la ua. Alikuwa amevaa gauni la kutokea.

"Bwana Samahani," akanong'ona, na kunong'ona kwake kulisikika hadi barabarani, "mtambo ni wangu. Nimemfungisha Shangazi."

"Umem... nini?"

"Tangu jana asubuhi hajagusa jani. Mimi nilipokwenda kupimwa damu si waliniambia nisile kitu? Kipimo kinataka tumbo tupu. Hata kubeua abeue nini?"

Bwana Samahani akasogea karibu na ua. Alitaka kumweleza habari ya lita, na maneno yakamfika hadi kooni, lakini hapo gari la Daktari likaingia, majirani wakaja nyuma yake, na maneno yakarudi yalikotoka.

Mashine ilikuwa sanduku lenye mdomo mkubwa. Ng'ombe anaingiza kichwa, inamdondoshea chakula kidogo kidogo, huku inanusa pumzi yake. Shangazi aliingiza kichwa mara moja na hakukitoa. Alikula chakula cha Daktari kama harusini. Gesi ikasomeka kidogo sana, na Bibi Kengele akazunguka banda akipiga vigelegele. Kisha wakamkamua. Ng'ombe wa lita sita za asubuhi alitoa lita moja na kikombe.

"Si kitu," Bibi Kengele akasema. "Leo tunapima pumzi, maziwa yatakuja kesho."

Jioni matokeo yalibandikwa kituoni. Daktari alikuwa amegawanya gesi kwa lita, kama alivyosema. Bibi Kengele alikuwa wa ishirini na mbili. Wa kumi, wa mwisho kupata mtambo, alikuwa Bwana Samahani.

Bibi Kengele alisimama mbele ya karatasi ile akaisoma mara mbili. Mpimaji hakuwahi kumsikia akinyamaza, na ukimya ule ulimtisha kuliko kelele zote za miaka ile. Alimwona akipangusa macho kwa kanga, na safari hii haukuwa moshi.

Mkutano ukaanza. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno kabla ya kuthibitisha orodha. Bwana Samahani alimfikiria mke wake, ambaye kwa matumaini asubuhi alikuwa amekwisha kupima kwa hatua mahali pa kuweka jiko jipya. Akaifikiria pia karatasi. Shangazi akipimwa upya, mtu mmoja atasukumwa kwenda kushoto, na mtu huyo anamfahamu.

Akasimama. Benchi alilokuwa amekalia likaanguka.

"Ng'ombe," akasema. Watu wote wakageuka. "Ng'ombe alikuwa amefunga."

"Amefunga nini?" mwenyekiti akauliza.

"Kula. Alifungishwa. Mimi hupima maziwa yake kila siku, ni lita kumi na moja, asubuhi na jioni. Ilikuwa ni... kwa sababu ya damu."

Hakuna aliyeelewa habari ya damu, hadi Bibi Kengele alipoinuka akaieleza mwenyewe, na jinsi alivyokaa na njaa zahanati tangu alfajiri, na jinsi alivyomwonea huruma Shangazi lakini akaona ndiyo sheria. Alipomaliza, Daktari alikuwa ameinamia meza, mabega yanatikisika.

"Mama," akasema alipoweza kusema, "kipimo cha ng'ombe mwenye njaa si kipimo. Mlishe wiki mbili, nitarudi."

Akarudi. Shangazi akatoa lita zake, akabeua kwa heshima, akawa wa tisa. Bwana Samahani akawa wa kumi na moja.

Jioni ile michongoma ilitikisika, kichwa cha Bibi Kengele kikatokea tunduni.

"Ulijua wewe ndiye wa kumi?"

"Nilijua, mama."

"Na mkeo anajua uliponyanyuka ulinyanyukia nini?"

"Bado."

"Basi leo utalala bandani kwa Shangazi. Nitakutandikia."

Hakulala bandani, ila siku tatu mke wake alimpa chai bila kumtazama. Baada ya miezi miwili mtambo wa Bibi Kengele ukawashwa. Mwali ukatoka mdogo, wa buluu, ukachemsha nusu sufuria, ukakata roho. Tangi lilitaka samadi ya ng'ombe wawili, na wenzake wote wa kwenye orodha walikuwa na wawili au zaidi.

"Mke wa Bwana Samahani!" sauti ikavuka ua. "Yule ng'ombe wenu anafanya kazi gani huko nyuma? Leteni mzigo!"

Wakapanua tundu likawa mlango. Asubuhi mpimaji alisukuma toroli la samadi kwenda, na fundi akavuta bomba kurudi. Majiko mawili yakawaka kwa tangi moja. Baada ya miezi michache macho ya Bibi Kengele yalianza kuwa meupe. Siku moja alimkazia macho jirani yake kwa muda mrefu. "Kumbe una uso!" akasema. "Miaka yote nilidhani nimepakana na kofia."

Alikaa na mwali wake miaka sita. Kisha kifua, kilichokwisha kumeza moshi mwingi kabla ya mtambo, kikamlaza kitandani. Bwana Samahani akawa anamkamulia Shangazi, na kila jioni alimpelekea kikombe cha maziwa ya moto, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango akitazama viatu viwili vya mpira chini ya kitanda.

Jioni moja Bibi Kengele alipokea kikombe, akanywa kidogo, akasubiri. Mpimaji alikuwa na mengi ya kumwambia, na yote yalikuwa yamemkaa kooni.

"Sema basi, mwanangu," Bibi Kengele akamwambia. "Ukinyamaza nitadhani umetia maji."