Siku Niliponunua Rangi ya Viatu

Wiki tatu baada ya kuanguka na bodaboda pale Manzese, kidonda cha kisogoni kilikuwa kimefunga na mie nilijiona mzima. Nikarudi Mwenge kwenye kazi yangu ya kununua vinyago vya mpingo na kuvipeleka madukani. Vinyago kumi nilivyopata kwa muuzaji nisiyemjua nikampelekea fundi mmoja wa Mtwara avipige msasa. Tumejuana miaka mingi. Akakinusa kimoja, akanitazama.

"Kaka, leo umenunua viatu?"

"Viatu gani?"

"Hivi hapa. Mti mweupe, umepakwa rangi ya viatu. Inanuka mpaka barabarani."

Mafundi waliokaa karibu wakacheka. Nikakiweka kinyago puani, nikavuta pumzi. Hakukuwa na kitu. Mie, niliyekuwa naujua mpingo wa kupakwa kwa harufu tu, kabla sijaushika.

"Nina mafua," nikasema.

Hospitali, daktari wa pua alikuwa mama wa Kihindi mwenye Kiswahili cha Kariakoo. Akaniambia nifumbe macho, nizibe tundu moja la pua. Nikasikia kifuniko cha bati kikifunguka, kama cha kopo la kahawa.

"Kahawa," nikasema.

Chupa ya pili ikaniwasha puani. "Spiriti."

Ya tatu nikabahatisha. "Karafuu."

"Fumbua macho," akasema. Chupa ya tatu ilikuwa tupu. "Kahawa umeijua kwa mlio wa kifuniko. Spiriti inachoma, hata asiyenusa anaihisi. Hapa si mtihani wa shule, kaka. Ukibahatisha nitakuandika mzima, utarudi nyumbani na tatizo lako."

Tukaanza upya. Safari hii kila chupa nilijibu sisikii kitu. Mpaka moja, tundu la kulia.

"Kuna kitu. Sijui ni nini."

"Sawa. Hilo ni jibu."

Akanieleza kuwa kichwa kikigonga chini, vishipa vya kunusia huweza kukatika. Huenda vikarudi taratibu, huenda visirudi. Ninuse limau na karafuu kila asubuhi, kwa miezi.

Nimehamahama sana maishani. Lindi naikumbuka kwa moshi wa korosho, Tanga kwa katani mbichi. Nilipokuwa nasubiri basi niliwaza kwamba hata nikirudi huko, huenda nisipate nilichokifuata. Nikaacha kwenda nyumbani, nikaenda Mwenge.

"Sina mafua," nikamwambia fundi. "Pua imekufa tangu ajali. Daktari mwenyewe hajui kama itarudi."

Hakuacha kupiga msasa. "Nilijua. Mwenye mafua hupenga kamasi, wewe hata leso huna."

"Sasa nitanunuaje?"

Akanipa kisu kidogo na kimoja cha vile vinyago kumi. "Kwangua chini, kwenye kitako. Polepole."

Nikakwangua. Chini ya weusi ukatokea mti mweupe kama muhogo. Akanisogezea cha pili.