Panya Aliyeniamkia

Juzi, kule mtaa wa Glenwood, dada mmoja mwanafunzi anayefuga panya alinionyesha kwanza mama yao, kisha watoto, akaniuliza watalala wapi nikiwachukua. Anawatoa wawili wawili, maana mmoja peke yake hunyong'onyea. Badala ya kufurahi nilipatwa na hasira, nikakumbuka lile duka la wanyama la Isipingo, ambako baba alininunulia panya wangu wa kwanza.

Lilinuka maranda na mkojo. Panya weupe walirundikana kwenye beseni, nami nikamchagua aliyekuwa akipiga chafya.

"Nyoka yako iko mkubwa?" muuzaji aliniuliza.

"Nyoka gani?" baba alisema. "Mtoto anataka rafiki."

Muuzaji alicheka, akamtia panya kwenye boksi.

Mimi ndiye mdogo nyumbani, hakuna aliyewahi kuniamkia. Nilidhani zile chafya ni shikamoo, basi njia nzima nikawa naitikia, "Marahaba." Baada ya siku chache shikamoo zikaisha. Sasa najua alikuwa mgonjwa, na pale waliuzwa kama chakula cha nyoka.

Leo nimemwomba mama wale wawili wa Glenwood.

"Si yule wa kwanza ulimuua? Wewe hujui kufuga."

Nilienda kuosha sufuria kwa kelele.