Safu Kumi na Saba

Fundi yule alikuwa ameshona sare za shule kwa miaka ishirini na sita, na hakuna mshono uliowahi kuliponyoka jicho lake. Kwa nyoka, jicho hilohilo lilikuwa limekwisha kumwaibisha mara mbili.

Mara ya kwanza alimwita mwalimu wa chuo, aliyekuwa akiorodhesha nyoka wote wa bonde lao, aje mbiombio. Kumbe nyungunyungu mnene. Mara ya pili ikawa mjusi asiye na miguu.

"Mama Fundi, huyu amekukonyeza," mwalimu alisema, akijibana asicheke. "Nyoka hana kope za kukonyezea."

Mtaa mzima ukacheka. Hata hivyo, kila asubuhi kabla ya kukalia cherehani, fundi aliendelea kusaka nyoka, akipindua magogo nyuma ya kibanda chake, polepole, na kuyarudisha yalivyokuwa.

Alhamisi hiyo, chini ya gogo lililooza, alikuwapo: mwembamba kama penseli, mweusi, kichwa bapa, kila gamba na kidoa cheupe. Akainama amtazame jichoni. Hakukonyeza! Akamtegea mdomo wa mrija wa plastiki angavu wa kuwekea vifungo, na nyoka, kwa kupenda mahali pa kubana, akajiingiza mwenyewe.

"Wifi! Wifi, njoo!"

Dada wa mumewe alitokea mlangoni na pasi mkononi. "Nyoka? Mimi niko hapahapa. Akikuuma nitakusaidia kupiga kelele."

Fundi alikuwa keshapiga simu.

"Mama Fundi," mwalimu aliitikia kwa uchovu. "Leo mjusi au mnyoo?"

"Nyoka! Ana vidoa vyeupe, kichwa bapa."

Sauti ya mwalimu ikachangamka. "Hesabu safu za magamba. Anzia ubavu mmoja, pitia mgongoni, ishia ubavu wa pili. Wako wawili wanaofanana. Mwenye kumi na tano amejaa tele. Mwenye kumi na saba hajaonekana bondeni humu tangu nikiwa mwanafunzi. Fanya hima, orodha inakwenda kuchapwa kesho."

Fundi alihesabu kwa midomo, kama anavyohesabu mishono. Kumi na tano. Akarudia. Kumi na tano.

"Pole, mama," mwalimu alisema. "Si haba, leo ni nyoka kweli." Akakata simu.

Fundi aliketi akiwa na mrija mapajani. Kichwa cha nyoka kilikuwa kimezama ndani kabisa. Upande uliomwelekea yeye ulikuwa mkia. Akautazama ulivyochongoka, ukipungua, ukipungua... Akaruka kutoka kitini.

"Ah, mjinga mimi! Nimepima kifundo cha mguu nikakiita kiuno!"

"Kiuno cha nani tena?" wifi aliuliza.

"Cha nyoka! Huku mkiani amesinyaa, lazima safu zipungue. Ahesabiwe katikati. Shika huu mrija, uinue kwenye mwanga."

"Nani, mimi?"

"Wifi yangu, nakuomba. Siwezi kushika na kuhesabu."

Wifi alitua pasi, akashika, macho kayafumba kama anayechomwa sindano. Fundi alitafuta katikati ya mwili, akaanza ubavuni, akapanda mgongo, akashuka. Kumi na tano ikafika, ikapita.

"Kumi na saba!"

"Rudia, nisije nikafa bure."

"Kumi na saba, wifi! Kumi na saba!"

Fundi akapiga simu tena, na mwalimu akafika kabla pasi haijapoa, shati limefungwa vifungo vya kupishana. Hakusalimu. Alipiga magoti kwenye matope, akaweka lenzi juu ya mrija, akahesabu. Akahesabu tena. Alipoinua uso, alikuwa anacheka kama mtoto.

"Ndiye," alisema. "Mama, ndiye mwenyewe!"

Walimrudisha chini ya gogo, akatoweka kama uzi unaochomoka sindanoni. Mwalimu akafungua orodha, akatoa kalamu, kisha akampa fundi.

"Andika wewe. Umemwona wewe."

Fundi aliandika tarehe, mahali, idadi ya safu. Kwenye mstari wa aliyemtambua nyoka alisita. Wateja humwita Fundi, nyumbani ni Mama, na ni miaka mingi hajaulizwa zaidi ya hapo. Akaandika majina yake matatu, yote, kwa herufi kubwa.

"Weka na la aliyeshika!" wifi alidai juu ya bega lake.