Siku Nilipokimbiza Mabanga Nzima

Aibu hii nilijaribu kuificha nikashindwa, maana mtaa wote ulikuwapo.

Kanisa la mtaa wetu wa Mabanga halikuwa na kengele, tulikuwa na janti ya lori, lile duara la chuma la gurudumu, iliyotundikwa kwenye mti wa avoka, na mimi ndiye niliyeigonga kwa miaka mingi: polepole kuita ibada, upesi upesi wezi au vita vikifika (hata watoto walilijua hilo). Kisha akaja Papa Bahati, mkimbizi wa vita kutoka Masisi, akapewa chumba nyuma ya kanisa yeye na familia yake. Kila Jumapili nilimkuta ameketi chini ya janti, ametulia, anangoja. Mchungaji akamsifu mbele ya wote: "Mumuangalie Papa Bahati! Vita vilimunyanganya shamba na ngombe, lakini kwa Mungu hachelewake! Jumapili inayokuja, yeye ndiye atagonga." Mimi, ambaye sijachelewa tangu niokoke, sikutajwa.

Wivu ulinila wiki nzima. Nikaamua kuwahi, nigonge kabla hajatoka. Jumapili nikafika, nikashika chuma cha kugongea, na papo hapo nikamwona anatoka mlangoni na koti lake la kupewa, anakuja bila haraka, anatabasamu, nami kwa kuogopa ataninyang'anya nikagonga kwa nguvu zote, nga-nga-nga-nga, bila kupumua.

Siku hizo mapigano yalikuwa karibu na Sake, si mbali na kwetu, na kila nyumba ilikuwa na mizigo iliyofungwa tayari. Milango ikafunguka, magodoro yakapanda vichwani, wazee wa kanisa wakapita mbio na Biblia kwapani. Nikapaza sauti, "Ni ibada! Ni ibada!" (nani angesikia?). Mke wa Papa Bahati alikuwa amekwisha kumfunga mtoto mgongoni, analia. Yeye alijua maana ya kukimbia kuliko sisi sote.

Papa Bahati hakunigombeza. "Lete, papa," akasema, akachukua chuma, akagonga polepole, muda mrefu, mpaka watu wakaanza kurudi. Na mimi, nasema ukweli, hata hapo nilimwonea wivu: aligonga vizuri kuliko mimi.

Mke wangu alirudi wa mwisho, sufuria ya maharagi kichwani, mchuzi umemwagikia kitenge chake cha Jumapili.

"Papa Furaha, tulikuwa tunakimbia nani?"

Tangu siku hiyo nafika mapema kama zamani, naketi, nangoja, na mikono naiweka mifukoni.